Jibu la Mla Mbegu

Bariadi ina watu wa aina mbili: wanaodai kuwa walimfundisha Salu gitaa, na wanaodai kuwa walimkataza asilishike. Wote waongo. Gitaa alijifunzia kanisani, mtaa wa Somanda, akiwa amesimama nyuma ya wanakwaya na kuiba kwa macho vidole vya wenzake. Na hakuna aliyemkataza mpaka Jumapili ile alipolifungulia sauti likalia kama bati linalokatwa kwa msumeno, katikati ya wimbo wa sadaka. Hapo mwenyekiti wa kwaya alimvuta pembeni akamwambia, kwa upole wote wa Kikristo, kwamba Mungu si kiziwi.

Akaondoka. Alikwenda Mwanza, akaenda Arusha, akavuka mpaka hadi Nairobi, na huko kote alipiga roki, muziki ambao nyumbani hakuna aliyejua auweke wapi. Watangazaji wa redio walimuuliza: hii siyo singeli, siyo injili, siyo bongofleva, sasa ni nini, dada? Watu wa roki wenyewe, wale wa fulana nyeusi, walimcheka kwamba anaimba kama mtu anayeita ng'ombe. Miaka mingi aliwaimbia wahudumu wa baa na viti vitupu, akilala kwenye makochi ya watu. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tunavyosema, lakini Salu hakuwa anacheza kwao, na huko kwao kwenyewe hapakuwa na aliyeulizia habari zake.

Kisha ukaja wimbo wa "Mla Mbegu", na huo haukuwa wake.

Ulikuwa wa baba yake. Mzee Mayige alikuwa manju wa ngoma kule Lingeka, mtunzi na kiongozi wa waimbaji, upande wa Wagalu, moja ya pande mbili za ngoma za Wasukuma. Manju wa upande wa Wagika alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya korongo, Mzee Masunga. Kila mwaka, pamba ikishauzwa, wawili hawa walikutana uwanjani, kila mmoja na duara lake, ngoma zikipigwa kwa wakati mmoja. Mwamuzi hakuwapo ila miguu ya watu. Duara lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda, na ili kuwavuta, manju alimtukana mwenzake kwa jina mpaka wasikilizaji wakashika mbavu, na mwenzake naye akajibu. Ngoma zikinyamaza, wote wawili walikunywa kwenye kibuyu kimoja, na nyimbo za mwaka huo zikazikwa. Mwaka uliofuata zilitungwa nyingine.

Mwaka mmoja Mayige alimwimba Masunga kwamba wakati wa njaa alikula mbegu za mtama alizoweka kwa ajili ya kupanda. "Mvua imefika, Masunga, mbegu ziko wapi? Ziko tumboni! Basi kachuchumae shambani!" Uwanja ulikaribia kupasuka kwa kicheko. Salu alikuwa msichana mdogo, amesimama upande wa baba yake, na kuanzia siku ile alitaka kitu kimoja tu duniani: baba yake amwite manju.

Ndiyo maana siku moja huko Nairobi, ukumbi ukiwa mtupu na hasira zimemjaa, alichukua wimbo ule akauimba kwa Kisukuma chake, kwa kupiga kelele, gitaa likinguruma chini yake. Mtu akarekodi. Wimbo ukasambaa kama moto wa kiangazi. Aliuimba Kampala, akauimba Berlin, na vijana ambao hawajawahi kushika jembe walirukaruka wakipiga kelele "kachuchumae shambani" bila kujua wanaambiana nini. Bodaboda wa Bariadi wakaufanya honi. Na jina la Masunga lilikuwa mle mle, kila kibwagizo, kwa sababu lilikaa vizuri kwenye mdundo na Salu hakuona haja ya kuliondoa.

Alisubiri simu ya baba yake. Haikuja. Alipokwenda Lingeka na zawadi, mzee alijifungia zizini na ng'ombe wake mpaka mgeni alipoondoka, na wifi yake, mke wa kaka, alimwambia kwa aibu kwamba amekatazwa kumpakulia chakula. Mtoto wa nyumba akarudi na njaa yake mjini. Ilimuuma kupita maelezo. Akajipa jibu lililomfaa: mzee anachukia roki, mzee ana wivu, mzee ni wa kale. Mwenye kidonda hachagui majani.

Miaka ikapita hivyo. Sauti ikaanza kukwaruza hata pale asipotaka ikwaruze, na mialiko ya nje ikapungua. Ndipo alipopigiwa simu na mtu aliyeitwa Novatus, mwandaaji wa matamasha kutoka Nyashimo, mwenye viatu vyenye ncha na maneno ya asali.

"Dada Salu, uje nyumbani. Pamba imeuzwa, watu wana furaha. Nakuwekea uwanja mzima Bariadi, mchana kweupe, mama na watoto. Mkoa haujawahi kuona kitu kama hicho!"

Salu alikubali, na hakukubali kwa ajili ya Novatus. Alitaka baba yake auone ule umati kwa macho yake. Mtu aliyeishi maisha yote akihesabu ushindi kwa miguu ya watu, akiiona miguu ile yote, atakataaje?

Alimkuta mzee anaziba tundu la zizi kwa miiba. Safari hii hakukimbia.

"Mwangaluka, baba," Salu alisema, akipiga goti.

"Mwangaluka." Mzee hakugeuka. "Mhola?"

"Mhola, baba. Jumamosi naimba Bariadi. Nimekuja kukuomba uje ukae mbele."

"Utaimba nini?"

"Nyimbo zangu."

"Na wa kwangu?"

Salu akafikiri huo ndio mlango aliokuwa akiutafuta. "Na wako, baba. Wimbo wako umefika Ulaya. Kuna watu huko wanauimba wote, neno kwa neno."

"Wanamjua Masunga?"

"Hapana, lakini—"

"Hawamjui, na wanamwambia akachuchumae shambani." Mzee akauchomeka mwiba mahali pake. "Mimi nilimtukana Masunga mchana mmoja. Akanijibu. Jua likazama, tukanywa. Wewe unamtukana kila siku, kiangazi na masika, na hajapata nafasi ya kukujibu."

"Alikujibu nini siku ile?"

"Si ulikuwepo?"

"Nilikuwa upande wako, baba. Unajua mama alivyonishika."

Hilo lilikuwa kweli. Mtu wa nyumba ya manju havuki kwenda duara la pili. Akivuka amempa adui kichwa kimoja. Marehemu mama yake, Esteria, alikuwa akimfunga kwa kanga kiunoni ili miguu ya kitoto isije ikafuata ngoma ya jirani. Kwa hiyo Salu alikuwa ameisikia nusu moja tu ya mchana ule, na nusu hiyo ndiyo aliyoipeleka Berlin.

"Basi nenda kwa mwenyewe ukamuulize," mzee alisema. "Mimi si manju wa Masunga. Jibu ni mali yake."

"Nilidhani utafurahi, baba, kwamba mwanao naye amekuwa manju."

Hapo ndipo mzee alipogeuka. "Manju humwacha mwenzake ajibu. Anayeimba peke yake bila kujibiwa ni mwizi anayepiga kelele ili watu wasisikie mbuzi analia." Akafuta mikono kwenye suruali. "Mpe Masunga jibu lake mbele ya watu hao hao wanaokushangilia. Wakimsikia, njoo hapa, wifi yako atakupakulia, tutakula sahani moja. Na hilo jina unalolitaka nitakuita mimi mwenyewe."

Salu hakungoja kuambiwa mara mbili. Alishuka korongo akapanda ng'ambo.

Uani kwa Masunga alikuwepo Apolonia, binti wa mzee, akianika michembe juu ya mwamba. Zamani wasichana hawa wawili walichunga ng'ombe pamoja. Apolonia alimtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Karibu, mgeni," alisema, na neno lile la mwisho alilitamka vizuri sana. "Gitaa umeliacha wapi?"

"Nimekuja kumwona mzee, Apolonia. Nimekuja kutengeneza."

"Kutengeneza." Apolonia alipanga vipande vya viazi kwa mstari kana kwamba vitakaguliwa. "Mwaka jana nilipeleka mtama soko la Bariadi. Mteja akauliza mimi ni wa nani. Nikamwambia. Akaniuliza, 'Huu ni wa kuuza, au mwingine mmeubakiza tumboni?' Soko zima likaanza kuimba. Wimbo wako, Salu. Waliuimba vizuri kweli, hata wewe ungewapigia makofi."

"Sikujua."

"Na unajua kwamba mzee wangu na mzee wako hawanywi tena pamoja? Hawakugombana. Kila wakikaa kilabuni, vijana wanaimba. Wakaona aibu ya kukaa, kila mtu akabaki kwake."

Mzee Masunga akatoka ndani, mdogo kuliko alivyokumbukwa, lakini macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyekuwa amekaa na mzigo njiani akaona gari linakuja.

"Mtoto wa Mayige! Nilisema atakuja. Si nilisema, Apolonia?"

Salu alimweleza alivyopanga: mzee atapanda jukwaani peke yake, atapewa kipaza sauti, yeye Salu atawanyamazisha watu wote, na watu watasikiliza. Mzee Masunga alimsikiliza kwa heshima, kisha akatikisa kichwa.

"Watu wakinyamazishwa, hayo ni mahubiri, mayu, mama. Jibu la kuhurumiwa silitaki. Wewe duara lako, mimi duara langu, ngoma zipigwe pamoja. Wakinipenda watakuja."

"Baba, chukua kipaza sauti," Apolonia alisema.

"Mayige hakuwa na kipaza sauti."

"Salu anacho!"

"Hicho ni chake." Na mzee akafunga mjadala kama wanavyofunga wazee wa huku, kwa kuomba maji ya kunywa.

Ndivyo walivyo watu wa ngoma. Wewe unamletea kamba, yeye anakuuliza imesokotwa na nani. Salu alimsihi basi amwambie palepale alichojibu zamani, yeye na Apolonia tu. Mzee akacheka.

"Wimbo wa uwanjani hauimbwi uani. Utausikia Jumamosi, kama una masikio."

Salu alirudi Bariadi akiwa na mpango wake moyoni. Ataanza ubeti mmoja tu, ili Masunga apate cha kujibu. Kisha atazima gitaa, atanyamaza, na umati usipokuwa na cha kusikiliza utageuka wenyewe kumwelekea mzee. Ulikuwa mpango mzuri. Kosa lake ni kwamba ulimhesabu Salu peke yake kuwa ndiye mwenye wimbo.

Jumamosi ilifika. Uwanja ulifurika, watu walitoka Busega na Meatu na vijiji vyote vya kati, wengine juu ya malori yaliyokuwa bado na nyuzi za pamba kwenye mbao. Upande mmoja jukwaa la Novatus na spika zake zilizopangwa kama kuta za ghala. Upande wa pili, karibu na goli, Mzee Masunga na wazee wenzake wachache, ngoma moja kubwa na ndogo mbili, Apolonia nyuma yao akiwa ameshika kibuyu cha maji. Na mbele kabisa ya jukwaa, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Mzee Mayige akiwa na koti lake la harusini na kanisani. Alikuja.

Ngoma za Masunga zilianza kwanza. Salu akasogea kwenye kipaza sauti.

"Leo," alisema, "mla mbegu mwenyewe yuko hapa. Atajibu. Msikilizeni!"

Uwanja ukalipuka. Hilo ndilo lililokuwa kosa la kwanza, maana wengi walidhani Masunga ni jina la kwenye wimbo tu, kama sungura wa hadithi. Sasa wakaambiwa yupo, na anaonekana. Salu akapiga ubeti mmoja. Umati ukauchukua kutoka mdomoni mwake kabla haujaisha. Alipofika kwenye kibwagizo akalizima gitaa, akarudi nyuma, akawaashiria wanamuziki wake wanyamaze, nao wakanyamaza.

Umati haukunyamaza. Haukuhitaji gitaa. Ulipiga makofi ukajipigia mdundo wenyewe, ukaimba mvua imefika, Masunga, mbegu ziko wapi, na ukajijibu wenyewe kwamba ziko tumboni. Maelfu ya watu walimwambia mzee mmoja akachuchumae shambani. Salu alirudi kwenye kipaza sauti akapiga kelele, "Basi! Nyamazeni! Mpeni nafasi!" Wakamshangilia. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Kule golini Mzee Masunga alikuwa anaimba. Mishipa ya shingo ilionekana, mdomo ulifunguka na kufungika. Vijana waliokwenda upande wake walikwenda na simu, wakamzunguka kumpiga picha, na kila mmoja wao alikuwa akiimba. Salu aligeuka kumtafuta baba yake. Kiti cha plastiki kilikuwa kitupu.

Mzee Mayige, manju wa Wagalu, alikuwa anakatiza uwanja. Alitembea bila haraka, koti limefungwa vifungo vyote, akivuka kutoka duara la mwanawe kwenda duara la Wagika, mbele ya watu, jambo ambalo hakulifanya ujanani wala uzeeni. Alifika akasimama kando ya Masunga, akaanza kupiga makofi ya kuitikia.

Salu alilia pale jukwaani, bila kujificha. Kisha akafikiri: na mimi nivuke. Manju akivuka, ngoma imekwisha, ameshindwa, na kila Msukuma mwenye akili atajua nani kashinda. Nikasikie jibu, nishindwe, niende nyumbani nikale. Akalivua gitaa, akaruka chini, akaanza kwenda golini.

Ambacho hakukifikiria ni kwamba miguu ya watu ndiyo iliyokuwa inamfuata yeye, siyo jukwaa. Salu alipotembea, umati ulitembea. Walimfungulia njia mbele na kuifunga nyuma, wakiimba, wakimgusa mabega, na kadiri alivyosogea kwa Masunga ndivyo alivyowaleta. Alipogundua, akasimama, akanyoosha mikono kuwazuia. Wakamsukuma kwa mapenzi. Walifika wote kwa pamoja. Duara la wazee likamezwa. Ngoma ndogo ikaangukia chini ya miguu ya watu, na Salu akaisikia ngozi ikipasuka.

Alijikuta amebanwa uso kwa uso na Apolonia. Mzee Masunga alikuwa hatua chache tu, akiwa amekumbatiwa na Mayige ili asianguke. Bado alikuwa anaimba. Salu aliona midomo na hakusikia kitu.

"Anasema nini?" alimpigia kelele Apolonia sikioni. "Apolonia, nakuomba! Anasema nini?"

Apolonia alimtazama. Huenda alitaka kumnyima. Ilikuwa haki yake. Lakini alimshika shingo akamvuta sikio mpaka mdomoni.

"Anasema, 'Nilizila, Mayige, nilizila. Nilizitwanga na majivu ya kuzuia wadudu, hata kuzipeta sikuwahi. Lakini sikula peke yangu. Nani alikuja na bakuli? Nani alikuwa na mtoto mgongoni mwa mkewe, mtoto anayelia njaa? Huyo mtoto alilamba mwiko wangu, akalala. Mayige, shamba langu ni tupu, ila mwanao kanenepa.'" Apolonia akamwachia. "Siku ile kila mtu alicheka mpaka akalia, na baba yako ndiye aliyecheka kuliko wote. Wakati wa njaa ile wewe ndiye uliyekuwa mtoto wa mgongoni, Salu. Mbegu ulikula wewe."

Umati ulikuwa ukiimba mvua imefika.

Novatus alipenya mpaka kati akaunyanyua mkono wa Salu juu. "Ameshinda!" alipaza sauti. "Bariadi, nani ameshinda?" Na wakamwambia nani. Kwa sheria ya ngoma hapakuwa na ubishi: wapiga ngoma walishatawanywa, duara la pili lilibaki na waimbaji wawili tu, na wote wawili wazee.

Mzee Masunga alikuwa mtu wa sheria. Sauti ilipomwishia kabisa, alijiweka sawa shati, akamsogelea Salu kama inavyompasa aliyeshindwa mbele ya mshindi, akampa mkono.

"Wabeja, mayu, asante," alinong'ona kwa koo lililokauka. "Umenipa uwanja."

Salu aliushika ule mkono kwa mikono yote miwili, akataka kupiga magoti, lakini watu walibana na hapakuwa na nafasi ya magoti. Masunga akaondoka kuitafuta ngoma yake chini.

Nyuma yake alikuwa amesimama Mzee Mayige. Alikuwa amevuka, kwa hiyo na yeye alikuwa wa upande ulioshindwa, na aliyeshindwa hampi mshindi kisogo. Alinyoosha mkono. Salu alitazama uso wake, akaitafuta hasira iliyokuwa zizini, hakuiona. Angeipenda hasira ile.

"Baba," alisema. "Nimesikia. Apolonia kaniambia. Nimesikia jibu, baba."

"Wao hawakusikia," mzee alisema.

Akampa mkono, mfupi, mkavu, kama unavyompa mtu wa kijiji kingine mliyekutana naye mashindanoni.

"Umeshinda, manju," alisema. Kisha akainama kumsaidia Masunga kuibeba ngoma, wakaondoka nayo wawili, kila mmoja ameshika upande wake.